Shoga, njoo Jumamosi

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Waambaje? Mama magoti yaendeleaje? Mwambie leso yake ya zambarau nimeipata.

Nimenyamaza tangu Mfungo Sita, uniwie radhi. Leo nakuandikia kwa ajili ya kitinda mimba wa jirani wa kisimani. Jumanne kaja na pasi mpya ya kusafiria, uso wamemeta. Kuna mwanamke kamwahidi kazi ya hoteli Gafu, kule nchi za Ghuba, nauli bure, safari wiki ijayo. Mkataba? Atatia saini akifika. Viza ni ya matembezi! Na mamake keshauza mbuzi wawili kulipia medikali. Tukatafuta jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, halimo. Yule mwanamke sasa simu hashiki, na binti alia kwamba nimemzibia riziki.

Ndipo kina mama wa chama tukaanza kukaa na vijana uani kwa madrasa, kila Jumamosi baada ya alasiri. Niliwasomea sheria ya 2010 ya kupinga usafirishaji haramu wa watu: msafirishaji hafungwi chini ya miaka 30, au atoe faini isiyopungua shilingi milioni 30, na hata kama ulikubali mwenyewe kwa kudanganywa, yeye bado ana hatia. Wavulana wakauliza habari za kazi za kompyuta Thailand. Nikawaeleza Wakenya wenzao walivyovushwa hadi Myanmar, wakafungiwa majumbani kulaghai watu mtandaoni. Kimya. Lakini wasichana... mmoja kanambia, "Wewe hujafika huko."

Kweli, sijafika. Wewe umefika. Wewe wajua maana ya kafili, yule mwajiri aliyekudhamini, kukaa na pasi yako. Siku uliyorudi nilikupokea uwanjani na kimfuko kimoja, na ile miaka miwili sijakuuliza hata leo. Niliogopa kukutonesha. Labda ulikuwa wangoja kuulizwa, shoga, na mimi nakuletea habari za harusi na bei ya unga.

Waweza kuja? Nauli chama kitatoa. Wataka wasichana peke yao, wavulana tuwape siku nyingine? Au uniandikie, nisome bila kutaja jina lako? Na yule mliyelala naye jikoni, aliyebaki, mwapata habari zake? Usiku walala vizuri siku hizi?

Nijibu, hata kama ni hapana.

Wako wa Kisauni