Somo la damu na foliki lianzie shuleni, lisingoje kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie elimu ya afya tunayowapa wajawazito na wanafunzi, na hasa wakati tunaowapa. Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga, na ninayoyaandika nayaona kila siku ya kliniki.

Kina mama hufika asubuhi na mapema, wakakaa kwenye mabenchi ya barazani, kila mmoja na kadi yake. Kabla ya vipimo tunaanza na somo: dalili za hatari, chandarua, lishe, maandalizi ya kujifungua, namba 115 ya kuita usafiri wa dharura wa m-mama. Ni somo zuri na ninalifundisha kwa moyo. Lakini wengi wanaonisikiliza mimba zao zina miezi minne au mitano, nao ndiyo kwanza wamekuja. Wapo wanaoficha mimba changa wakiogopa hasidi. Wapo wanaongoja mume arudi safari, kwa kuwa wamesikia kwamba hawapokelewi bila mwenza. Nikifika kwenye vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na foliki, nawaeleza kuwa ndani yake mna asidi ya foliki, vitamini inayomkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Maneno hayo ni ya kweli, ila kwa mimba ile waliyonayo muda wake umeshapita.

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Hedhi ndiyo kwanza imechelewa. Mfereji usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata. Familia ya mkulima wa huku ikipata mtoto wa namna hiyo, inaanza safari za hospitali za Bombo, Tanga, na Muhimbili, Dar es Salaam, ambazo hazina mwisho wa karibu, na mama ndiye anayetupiwa maneno. Foliki haizuii mgongo wazi wote, lakini huzuia mwingi, mradi iwe mwilini kabla mimba haijaingia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapotaka kushika mimba hadi wiki ya 12.

Sasa, nani huku kwetu anakwenda zahanati kusema anataka kushika mimba? Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Hao jana tu walikuwa madarasani. Mahali pekee ambapo tungewapata wote pamoja kabla ya mimba ni shuleni, na huko hatuendi.

Kuna watakaonijibu kwamba Serikali imeshaweka virutubishi kwenye unga. Ni kweli, kanuni za mwaka 2011 zinavitaka viwanda viongeze foliki na madini ya chuma kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Lakini Muheza vijijini mahindi yanasagwa kwenye mashine ya jirani, debe kwa debe, na hapo hakuna anayeongeza kitu. Na siku nyingi chakula chenyewe ni bada, ugali wa muhogo. Unga wa muhogo umetwangwa nyumbani, foliki ya kiwandani itapitia wapi?

Upande wa damu mambo ni yale yale. Utafiti huo wa 2022 uliona upungufu wa damu kwa wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa. Msichana anaanza hedhi na damu yake ni ndogo, anaibeba hivyo hivyo hadi kwenye mimba. Karibuni alinijia binti mmoja, mimba ya kwanza, nikamvuta kope la chini nikaona weupe. Kipimo cha wingi wa damu kikasema 8, wakati mjamzito anatakiwa asipungue 11. Nikamuuliza anakula nini. Akanyamaza, kisha akafungua pindo la kanga akanionyesha pemba, ule udongo uliochomwa unaouzwa sokoni kwa mafungu. Alianza kuutafuna akiwa shule, yeye na wenzake, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza kwa nini. Hamu ile mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mtoto anayetafuna udongo darasani anahitaji kupimwa damu na minyoo, viboko havitamsaidia.

Vidonge vya FEFO alikuwa amepewa na kituo kingine, akavimeza siku chache akaacha, kwa sababu choo kilikuwa cheusi na mama mkwe alimwambia mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kumzaa. Tulikaa, nikamweleza taratibu: mwanangu, choo cheusi ni cha kidonge, hakina madhara. Meza usiku kabla ya kulala, kichefuchefu kitapungua. Usimeze na chai, chai inakizuia. Kula chungwa. Muheza hii, machungwa yanaozea chini ya miti na malori yanayapeleka Dar es Salaam na Nairobi, halafu wajawazito wetu wanashushia kidonge na chai ya rangi! Chungwa husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na lenyewe lina foliki. Kunde na maharage pia vinayo, na mchicha, usipouchemsha mpaka ukapoteza rangi. Maneno haya yote mtoto wa darasa la sita anayaelewa.

Shuleni huwa wanapelekewa nini? Inakuja gari ya mradi, wanafunzi wanavalishwa fulana, wanaambiwa mimba za utotoni ni mbaya, wanapigwa picha na bango, gari inaondoka. Sipingi ujumbe huo, ninawahudumia mabinti hao na najua wanavyoumia. Ila kumtisha mtoto si kumfundisha, na binti aliyejifungua akarudi darasani, kama inavyoruhusiwa tangu Novemba 2021, anakaa akisikiliza akitajwa kama mfano.

Ninachoomba ni kidogo. Halmashauri itupe wauguzi saa moja kila mwezi katika shule zilizo karibu na zahanati, kwa ratiba inayojulikana, bila kusubiri mradi wala posho ya semina. Wavulana wawemo, kwa sababu kesho ndio watakaompa au kumnyima mke nauli ya kliniki. Wasichana walioanza hedhi wapewe kidonge cha chuma na foliki mara moja kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa maeneo ambako upungufu wa damu umeenea, na mwalimu wa afya asimamie kumeza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe kuzungumza na mama mkwe jikoni kwake, maana huko ndiko vidonge vinakoachwa.

Vidonge hivyo havina bei kubwa na shule ziko jirani. Nimeshamwomba mwalimu mkuu mmoja, akasema yuko tayari akipata barua ya ruhusa. Namwomba Mganga Mkuu wa Wilaya na Ofisa Elimu waiandike barua hiyo kabla muhula ujao haujaanza.

Muuguzi mkunga,
Muheza, Tanga