Gemu za maroboti haziuziki kwa mechi

Ndugu Mhariri,

Pita vibanda vya gemu hapa Mwanza, kuanzia Kirumba, Mabatini hadi Igoma, utakuta karibu kila skrini inaonyesha mpira. Hatuna ugomvi na mpira, ndio unaolipa pango. Ila chini ya rundo la diski mara nyingi utaikuta moja ya maroboti imelala na vumbi lake, na ukimuuliza mwenye banda atakujibu kwamba hiyo hailipi, wateja wanaijaribu mara moja wanaiacha. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba tatizo si gemu wala wateja. Tatizo ni kuiuza kwa mechi.

Mpira unauzika kwa mechi kwa sababu timu ziko tayari, mchezo una mwanzo na mwisho, na anayefungwa anaachia pedi. Gemu ya maroboti nusu yake inachezwa gereji, mahali ambapo hakuna risasi hata moja inayofyatuliwa. Mchezaji anapitia orodha ya vipuri, anapima uzito, anapima umeme, anabadilisha miguu, anarudi nyuma anaanza upya. Mwenye banda akisimama mgongoni mwake anahesabu dakika, mteja ataruka hatua hiyo, ataingia vitani na roboti lile lile alilopewa mwanzoni, atachakazwa, kisha atatoka akitangaza mtaani kwamba gemu ile ni ya kubonyeza-bonyeza tu.

Tuchukue Armored Core VI ya kampuni ya FromSoftware ya Japani, iliyotoka Agosti 25, 2023. Tunaichagua kwa sababu inakubali kwenye PS4, mashine ambayo vibanda vingi tayari vinayo. Roboti lake lina nafasi 12 za kujaza: silaha mbili za mikononi, mbili za mgongoni, kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, busta (injini ya kulisukuma), mfumo wa kulenga, jenereta na nafasi moja ya kifaa cha ziada. Karibu kila kipuri kina uzito wake na kinakula umeme. Umeme usipotosha, gemu haikuruhusu kutoka gereji. Hapo ndipo mgeni anapokwama kwa mara ya kwanza: anaona maandishi mekundu, anavua silaha aliyoipenda, anakata tamaa. Angetazama kiwiliwili. Kila kiwiliwili kinapandisha au kushusha nguvu inayotoka kwenye jenereta, kwa hiyo jenereta ile ile inaweza kutosha au isitoshe kutegemea imefungwa ndani ya kiwiliwili kipi. Mara nyingi kubadilisha kipuri hicho kimoja kunatatua jambo bila kugusa silaha.

Miguu nayo ndiyo inayoamua namna ya kupigana, ingawa wageni huichagua kwa sura. Kuna miguu miwili ya kawaida, miguu ya goti linalopinda nyuma inayoruka juu sana, miguu minne inayoweza kuelea hewani, na minyororo kama ya kifaru cha vita. Kila aina ina kikomo cha mzigo, na hata kabla ya kufika kwenye kikomo, kila kilo unayoongeza inapunguza kasi. Roboti la miguu miwili likifyatua mzinga mkubwa wa mgongoni linasimama kwanza, na katika kusimama huko ndiko linakopigwa. La kifaru halisimami, linafyatua huku linatembea. Kwa hiyo anayepakia mizinga miwili mizito juu ya miguu miwili ya kawaida, halafu akashangaa kwa nini anakufa kila akifyatua, jibu liko miguuni.

Mfumo wa kulenga ndio kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote, maana hauonekani ukiwa umefungwa. Unagawa umbali mara tatu: chini ya mita 130, kati ya 130 na 260, na zaidi ya hapo. Kila mfumo una umbali unaouweza na unaoushindwa. Mtu anafunga bunduki za kurusha marisau, ambazo kazi yake ni ya karibu, kisha anaacha mfumo unaolenga vizuri mbali. Risasi zinapita pembeni, lawama zinaiangukia pedi.

Vitani kwenyewe kuna geji ambayo anayetazama kutoka nje haitambui. Kila pigo, mbali na kupunguza uhai wa adui, linamtikisa, na mtikisiko unajaza geji yake. Ikijaa, adui anaduwaa kwa muda mfupi, na katika muda huo mapigo yanamuumiza zaidi. Ufundi wote uko hapo: silaha mbili za kujaza geji, silaha nyingine za kumaliza kazi akiduwaa. Anayemwaga kila kitu kwa pamoja hujikuta geji imejaa wakati silaha zake zote zinajiandaa upya, na adui anazinduka bila mkwaruzo. Wiki za mwanzo baada ya gemu kutoka, wengi walishikilia bunduki mbili za marisau ziitwazo Zimmerman mikononi na mizinga ya Songbirds mgongoni kwa sababu zilijaza geji haraka, hadi watengenezaji walipopunguza makali ya Zimmerman.

Sasa njoo kwa Balteus, adui wa mwisho wa sura ya kwanza. Huyu ndiye aliyeua biashara ya gemu hii kwenye vibanda. Amezungukwa na ngao ya mapigo ya umeme, na risasi za kawaida zinaikwangua taratibu huku yeye anarusha makombora kwa makumi. Bunduki ya mapigo ya umeme, inayouzwa dukani ndani ya gemu, inaivua ngao hiyo haraka sana. Tatizo ni kwamba ukifa, gemu inakuruhusu kupanga upya roboti lako kwa vipuri ulivyonavyo na kuendelea hapo hapo, lakini duka halifunguki. Asiyekuwa na bunduki hiyo lazima aache misheni, arudi gereji, anunue, aanze upya. Mteja anayelipia kwa mechi hatafanya hivyo, atarudia kugonga ukuta mpaka hela iishe mfukoni. Mwenye banda anayejua jambo hili amwambie mteja mapema, na amwambie pia kwamba kipuri kikiuzwa kinarudisha bei ile ile kilichonunuliwa nayo, kwa hiyo kununua kwa kujaribu hakuna hasara.

Hasara iko kwenye risasi. Mwisho wa misheni malipo yanakatwa gharama za risasi na za matengenezo. Utaratibu huu ni wa tangu Armored Core ya kwanza ya mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, na ile ilikuwa kali zaidi: rubani akizama kwenye deni kupita 50,000, anafanyiwa upasuaji wa kubadilishwa mwili na kurudishwa mwanzo. Wapo waliokuwa wanafilisika makusudi ili wapate nguvu za upasuaji huo.

Ndugu wa Armored Core wa upande wa Marekani ni gemu za MechWarrior, na MechWarrior 5 imekuwa ikipatikana kwenye PS4 tangu Septemba 2021. Hii ni ya taratibu, mashine zake zina uzito wa tani 20 hadi 100, na adui mkubwa ni joto. Kila mwale wa leza unaongeza joto, na likizidi kikomo mashine inajizima katikati ya uwanja. Mgeni huwa anafunga leza nyingi kwa sababu hazihitaji risasi, kisha anazifyatua zote kwa batani moja. Dawa ni kutoa leza mbili, kuweka vipoza joto mahali pake, na kugawa silaha zilizobaki kwenye makundi ili zifyatuliwe kwa zamu. Katika BATTLETECH ya 2018, ambayo ni ya kompyuta na ya kuchezwa kwa zamu, roboti likisimama majini linapoa upesi, jambo ambalo mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu wateja wawili wanaotaka kupambana: Armored Core VI haigawi skrini, pambano la watu ni kwa mtandao tu. Mwenye PS2 nzima asiitupe. Armored Core 2 na 3 zinagawa skrini, na hizo ndizo unazoweza kuziuza kwa mechi bila kumwibia mtu, mradi kila mmoja apewe muda wa kupanga roboti lake na memori kadi ya kulihifadhi. Kwenye VI kuna uwanja wa kupambana na marubani wa kompyuta, mmoja kwa mmoja, na pambano huisha kwa dakika chache. Huo nao unauzika kwa mechi. Misheni ziuzwe kwa saa.

Na kila mteja wa saa afunguliwe yuza wake, yaani akaunti yake ndani ya mashine. PS4 inabeba yuza 16. Wakitumia mmoja, kijana wa asubuhi anakuta wa jioni ameuza vipuri vyake, na hapo ugomvi hauishi. Sevu, yaani kumbukumbu za mchezo, zinakiliwe kwenye flashi iliyoformatiwa exFAT au FAT32, kupitia mipangilio, kwenye sehemu ya data zilizohifadhiwa. Ila yuza asifutwe kwa kudhani flashi inatosha, maana sevu imefungwa kwa akaunti iliyoitengeneza. Umeme ukikatika mashine ikiwa inaandika, sevu inaweza kuharibika. PS4 Slim inakula hadi wati 165, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inaibeba pamoja na skrini ndogo kwa dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Wenye vibanda watasema maroboti yanaua pedi. Yanaua kweli, lakini mahali tofauti. Mpira wa FIFA unakula R2, maana ndiyo ya kukimbia. Armored Core VI inatumia L3, yaani kubonyeza stiki ya kushoto, kwa ule mruko mrefu wa kumfuata adui, na stiki inayobonyezwa kwa nguvu huku imesukumwa mbele inachakaa haraka kwenye vihisi vyake vya pembeni, vinavyosoma stiki imeelekea wapi. Dalili ni roboti kutembea lenyewe. Spiriti ya kusafishia inasaidia kama ni uchafu. Kama njia ya kaboni ndani ya vihisi hivyo imelika, unabadilisha stiki nzima: pini 14 za kuyeyushwa na kufyonzwa lehemu yake, na fundi akiharakisha ananyanyua njia ya shaba ya bodi, pedi inakwisha kabisa. Njia rahisi ni kuhamisha kazi ya L3 kwenye batani nyingine ndani ya mipangilio ya gemu. Ni bure.

Vibanda vya kando ya ziwa vina shida yao ya ziada. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa jioni, na feni ya mashine inawavuta ndani. Wakichanganyika na vumbi wanakuwa utando mzito kwenye mapezi ya kupozea, feni inapiga kelele, mashine inajizima. Gemu hizi zinaichosha mashine kuliko mpira, kwa hiyo zinaumbua uchafu mapema. Usafi unahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, brashi laini na blowa, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke, na pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa kama mashine imefunguliwa hadi huko. Taa iwekwe mbali na meza ya mashine.

Za simu tutaje kwa ufupi. War Robots, iliyoanza 2014, ni sita kwa sita na inafundisha kushika vituo badala ya kukimbilia kuua. Mech Arena ni tano kwa tano. Zote zinaanza vizuri na zote, ukipanda ngazi, zinaanza kukutana na waliolipia. Bando likiyumba, adui anaruka kutoka hapa hadi pale na risasi zako zinampita. Kwa kuonja zinafaa. Kwa kuweka hela, hapana.

Tunajua hesabu ya mwenye banda: mpira unakalisha watu wawili, misheni inakalisha mmoja. Ndiyo maana hatusemi mashine zote. Tenga moja, na uiuze kwa saa katika muda ambao leo haiingizi kitu. Simba na Yanga wakicheza, au usiku wa Ligi ya Mabingwa, wapenzi wa mpira wote wako vibanda umiza wanatazama, na pedi zako zimelala mezani. Saa hizo hizo kuna vijana wasiofuatilia mpira ambao hawana pa kwenda. Bandika mlangoni bei ya saa, na uandike chini yake kwamba muda wa gereji unahesabiwa nusu.

Mafundi wa pedi na wapenzi wa gemu za maroboti,
Nyakato, Mwanza