Dada, kabla kisu hakijanolewa

Dada yangu,

Salamu kutoka Kampala. Nasikia shemeji ameshaanza kuhesabu miezi: mwaka wa imbalu, ile tohara ya jadi, ukifika, kijana wenu naye acheze ngoma Mbale kama wenzake. Sawa. Ila ulidokeza jambo ukalipita haraka: aling'olewa jino akatoka damu siku tatu, na goti lavimba bila kuanguka popote. Usingizi ukanihama. Goti hilo nalijua. Ninalo.

Unakumbuka Mama hakupenda kumtaja kaka yake, yule aliyefia kwenye tohara? Wakasema karogwa. Nadhani ilikuwa hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, hii hii yangu.

Ukijikata, chembe sahani hukimbilia kuziba, kama udongo unaokandikwa ukutani. Lakini udongo bila fito huporomoka. Fito za damu ni nyuzi za fibrini, na hazisukwi mpaka protini kadhaa ziamshane, moja baada ya nyingine. Mimi sina ya kutosha mojawapo ya protini hizo, iitwayo fakta ya 8. Wengine hupungukiwa ya 9. Damu yetu haitoki kwa kasi kuliko yako, haikomi tu. Na mara nyingi huvujia ndani ya viungo, ndiyo maana natembea hivi.

Zamani nilikandwa barafu, nikaongezewa plazma. Siku hizi fakta huja ikiwa unga kwenye kichupa, nyingi ni ya msaada kutoka nje. Nesi hutia maji yake, akakizungusha taratibu viganjani bila kukitikisa, isitoke povu, halafu akaidunga mshipani. Baada ya saa 12 hivi nusu ya fakta ya 8 imeshapotea, kwa hiyo goti likiwa baya hurudiwa.

Mlete hospitali ya Mulago apimwe. Kwa sasa maumivu ni Panadol, si aspirini wala Brufen, na asidungwe sindano ya msuli. Nawe upime, ulivyovuja damu ulipomzaa, sijasahau. Shemeji asijilaumu: baba hampi mwanawe wa kiume ugonjwa huu, umepita kwetu, kwa Mama. Tohara yenyewe yawezekana, lakini hospitalini, fakta ikiwa imeshaingia mwilini kabla ya kisu. Wazee wa ukoo niachie mimi, nitawaonyesha goti.

Pandeni basi la asubuhi. Nitawapokea stendi, na barafu kwenye flaski.

Kaka yako