Barua ya wazi: Mdogo wangu, kitabu kimetoka, sasa fungua daftari

Mdogo wangu,

Hongera ya kitabu chako cha bahari, cha maji kujaa na kupwa. Ila acha kuchungulia ile nafasi yake kwenye duka la mtandaoni la Amazon kila baada ya saa. Haihesabu nakala ulizouza. Inakipanga kitabu chako dhidi ya vingine vyote kwa mauzo ya karibuni, na kitabu kinachouza kidogo hurushwa juu na mnunuzi mmoja. Leo uko nafasi ya laki nane, kesho ya laki mbili, keshokutwa umerudi ulikotoka. Kilichotokea ni kwamba shangazi amenunua nakala.

Ukitaka namba, mwombe mchapishaji nne za tarehe moja: zilizochapwa, zilizotolewa bure, zilizopelekwa madukani kwa mali kauli (zilipiwe zikiuzwa), na zilizolipiwa. Tuseme zimechapwa 1,000, bure zimetoka 50, madukani zimekwenda 400, na katika hizo 400 zimelipiwa 130. Watakaokupongeza kwa kuuza 400 wapo. Hujauza 400. Zile 270 zinaweza kurudi, na zikirudi zimepauka kwa jua la dirishani, gundi ya kibandiko cha bei imeng'ang'ania jalada, hakuna atakayezinunua kwa bei kamili. Mrabaha wako, yaani fungu lako kwa kila nakala iliyouzwa, unatoka kwenye 130.

Ukimya wa wiki za mwanzo usikutishe. Gazeti likiamua kuandika huandika mapema, lakini jarida la kitaaluma hukaa miezi, pengine mwaka, maana lazima apatikane mhakiki, apewe nakala, asome akipata nafasi. Wewe hakikisha tu kwamba nakala imefika mkononi mwake, isiishie mapokezi. Nyingi hupotelea hapo.

Mtandaoni, tafuta jina la kitabu ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina lako. Bila hivyo neno "bahari" litakuletea hoteli za Nungwi mpaka uchoke. Tafuta na majina yaliyokosewa, kwa sababu watu hukumbuka nusu ya kichwa tu. Mengi lakini yatasemwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambako utafutaji haufiki. Waombe walimu wawili na mvuvi mmoja wakutumie wanayoyaona, hata ya kukera.

Yote hayo yaishie kwenye daftari. Piga safu sita: ukurasa, mstari, ulichoandika, anachosema msomaji, umehakiki wapi, umeamua nini. Ile ya tano ndiyo watu huiruka, kisha wanasahihisha kilichokuwa sahihi kwa sababu mlalamikaji alikuwa na sauti kubwa.

Chukua sura yako ya tatu. Umeandika kwamba maji hujaa kupita siku zote usiku wa mwezi mpevu. Mvuvi wa Kilwa atakuambia kilele cha bamvua, yaani maji makuu, huja siku moja au mbili baadaye, na jedwali la maji la bandari litakuwa upande wake. Bahari ni nzito, ina kina kisicholingana na kingo zinazoizuia, kwa hiyo huchelewa kuitikia mvuto. Hili ni kosa la jambo, lakini dawa yake ni maneno machache.

Kurasa mbili mbele kuna lingine lisilotibika hivyo. Umesema mwezi unaivuta dunia kuliko jua. Sivyo, mvuto wa jua kwa dunia ni zaidi ya mara 170 ya mvuto wa mwezi. Kinachojaza na kupwesha maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na ule ulio mbali, na tofauti hiyo hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Ndiyo maana sehemu ya jua katika kujaa na kupwa ni chini kidogo ya nusu ya sehemu ya mwezi. Hapa ukibadilisha neno moja hujafanya kitu. Aya nzima imejengwa juu ya hilo kosa, itabidi iandikwe upya.

Atatokea pia wa kukuambia ulipaswa kuandika "kani", istilahi ya fizikia kwa kinachovuta au kusukuma, na si "nguvu". Usimpuuze. Kabla hujamjibu, pitia kitabu chote uone kama hukutumia moja sura ya kwanza na jingine sura ya tano kwa kitu kilekile. Hilo humchanganya msomaji kuliko neno lolote utakalochagua.

Na usimuulize mtu kama amekipenda. Muulize ameishia ukurasa wa ngapi. Watu watano wakikutajia kurasa zinazokaribiana, nenda kaangalie pale: mara nyingi utakuta mchoro umetangulia maelezo yake, au istilahi tatu mpya zimebanwa kwenye aya moja.

Ukiona haya ni ya watu wadogo, mtazame Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza. Kitabu chake cha asili ya spishi kilitoka kwa John Murray wa London tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, na wenye maduka walikuwa wameshaagiza kuliko zilizokuwepo. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya umri wa bonde la Weald, kusini mwa Uingereza. Alichukua ukingo wa futi 500, akakadiria bahari inaumega inchi 1 kila miaka 100, kwa upana wa maili 22, kisha akairekebisha hesabu kwa sababu miamba iliyoondoka ilikuwa na unene wa futi 1,100. Jibu: miaka 306,662,400. Irudie mwenyewe kwenye kikokotoo, kuzidisha hakuna kosa. Kosa liko kwenye dhana: bonde lile halikuchimbwa na bahari, na kasi ya inchi moja aliikisia tu. Mwezi mmoja baadaye, jarida la Saturday Review likaikosoa hesabu hiyo. Toleo la pili, Januari 1860, nakala 3,000, Darwin akakiri humo kwamba kasi huenda ilikuwa kubwa zaidi. Toleo la tatu, 1861, hesabu yote akaifuta.

Hapo alifanya vema. Ila kufikia toleo la sita, 1872, alikuwa amejaza majibu kwa wapinzani, tena sura nzima, na kwa maoni yangu kitabu kikapoteza mwendo. Wengi leo husoma toleo la kwanza. Kwa hiyo rekebisha kosa, lakini ugomvi usiuingize kitabuni. Mhakiki akikusingizia jambo ambalo hukuandika, mpelekee mhariri wake barua fupi yenye namba ya ukurasa, mara moja, basi. Nyota moja isiyo na maelezo haijibiwi.

Sasa ufundi wa chapa ya pili. Andika sahihisho lenye urefu unaokaribia wa maneno yaliyokuwepo, likae kwenye mistari ileile. Ukiongeza mistari miwili, maneno yatasukumwa ukurasa unaofuata, kichwa kidogo kitabaki peke yake chini, na namba za faharasa zitadanganya kuanzia pale hadi mwisho wa sura. Aya ya jua na mwezi utakapoiandika upya, hesabu mistari kwanza. Masahihisho madogo ni chapa, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) hubaki ileile. Ukiongeza sura hilo ni toleo jipya na linahitaji namba yake. Mchapishaji akikuambia ghalani zimebaki nakala 150, mpelekee orodha wiki hiyohiyo, kabla pleti za kuchapia hazijatengenezwa, kisha omba kuona kurasa zilizobadilishwa, kwa maana mpangaji kurasa naye hukosea anaposahihisha.

Mstari wa kwanza wa daftari nimekuanzia mimi. Ukurasa wa 61, maelezo chini ya picha: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25. Umeandika 52.

Dada yako