Osmund, hati ya nyumba usiitoe kwanza

Mundindi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Osmund,

Kamwene. Huku wazima, mahindi yameshaingia ndani, baridi ndiyo imekaza. Mama anakusalimu sana. Joakim mguu umepona, ameanza kupanda pikipiki tena.

Dada yako kaniambia unataka kuiweka nyumba ya Mbagala rehani ununue semi mbili, zije kubeba chuma cha Liganga. Tangu Alhamisi silali vizuri.

Unalikumbuka lile jiwe tulilookota mlimani Liganga tukiwa darasa la sita? Bado liko dirishani. Juzi mwanangu kachomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaisogeza, ikajibandika tá! Ngumi moja tu ya jiwe, lakini mkono unachoka. Sasa fikiria mlima mzima. Wanataja tani milioni 126, tena chuma chenyewe kina madini ya titani na vanadi ndani. Mali ipo, sibishi.

Lakini mali hiyo inangoja reli. Piga hesabu nami: semi ibebe tani 30. Tani milioni moja kwa mwaka ni safari zaidi ya 33,000, malori tisini na kitu kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Ndiyo maana mpango ni reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kama kilomita elfu moja, na matawi ya kuja Liganga na kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma. Reli ikija, semi zako zitabeba nini? Isipokuja, mgodi utafunguka lini? Mkataba na Wachina ni wa 2011, fidia watu wamelipwa 2023, na hadi leo napita pale sisikii hata baruti moja.

Najua umeona malori ya makaa ya Ngaka yakiteremka Mtwara. Yale yana mnunuzi na shimo liko wazi. Hata barabara yetu ya zege, Lusitu hadi Mawengi, ni nzuri kweli, umande ukishuka inang'aa. Ila benki haingoji, kila mwezi inataka chake. Na reli nayo... wazee wa Nachingwea waliiona ya mradi wa karanga wa wakoloni ikijengwa, wakaiona iking'olewa.

Nyumba ile marehemu baba yako aliiezeka kwa pesa za kahawa, Osmund. Nakuomba usitie saini kabla hatujaonana.

Umeshapeleka hati benki? Shemeji anajua? Nani kakuambia kazi inaanza mwaka huu, ni yule wa Makambako? Amekuonyesha karatasi yoyote? Na ukija mwezi ujao utashukia Njombe nije kukupokea, au utakuja na gari la Mwalimu?

Nijibu hata kwa simu, usiku wowote.

Wako,
Festo