Barua ya wazi kwa Mkuu wa Utawala wa Tutayev: kuvuka kwanza, jina baadaye

Kigamboni, Dar es Salaam

Kwa Mkuu wa Utawala,
Mji wa Tutayev,
Mkoa wa Yaroslavl, Urusi.

Ndugu Mkuu,

YAH: WANANCHI WA NG'AMBO YA KUSHOTO

Salamu kutoka Kigamboni. Zamani, nilipokuwa mwanafunzi Moscow miaka ya themanini, ningeanza na "tovarishch", na halikutupa taabu neno hilo kwa kuwa sisi tulikuwa na "ndugu" wetu. Kwenu mmeshaliweka kabatini. Kwetu bado linatumika, basi nakuita ndugu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kirusi changu kimeota kutu, kimebaki cha kununulia mkate tu, na pia kwa sababu nataka wenzangu wa huku wasome. Mambo ya kusubiri pantoni wanayajua kuliko mtu wa Moscow. Mtafsiri hutamkosa.

Kwa hao wenzangu niseme kwanza ni mji gani. Tutayev uko kwenye mto Volga, kilomita kama 40 juu ya Yaroslavl, na una watu wapatao 40,000. Volga unaupasua katikati. Ng'ambo ya kushoto ni Romanov ya zamani: boma la udongo, makanisa, nyumba za mbao zenye madirisha ya nakshi, bustani za viazi. Ng'ambo ya kulia ni Borisoglebsk, na huko ndiko yaliko maghorofa, reli, kiwanda cha injini na watu wengi zaidi. Daraja hakuna. Kiangazi kuna pantoni. Majira ya baridi mto unaganda na watu wanautembea kwa miguu. Kati ya hayo mawili kuna majuma ambayo si maji wala si barafu, na hayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika.

Nasikia kila baada ya muda yanaibuka tena mazungumzo ya kuurudishia mji jina la zamani, Romanov-Borisoglebsk. Mimi mgeni, kura sina. Lakini historia ya mji wenu niliisomea meza ya jikoni ya mama mmoja wa ng'ambo ya kushoto, na mama yule alikuwa hapendi mtu aseme nusu nusu. Basi na mimi nitasema yote.

Wanaolitaka jina la Romanov kwa ajili ya ukoo wa wafalme wamekosea mlango. Romanov ile ni ya Mwanamfalme Roman wa Uglich, wa karne ya 13, ambaye kwa masimulizi ya mji ndiye aliyeujenga. Ukoo wa Romanov ulikalia kiti cha enzi mwaka 1613, mji ukiwa mzee tayari. Upande wa pili, Borisoglebsk ilikuwa kitongoji cha wavuvi waliopeleka samaki mezani kwa mfalme huko Moscow. Kwa hiyo hapakuwahi kuwa na mji mmoja uliokatwa na mto. Palikuwa na miji miwili iliyotazamana, kila mmoja na soko lake na watakatifu wake, mpaka mwaka 1822, enzi za Mfalme Alexander wa Kwanza, ilipoandikwa katika karatasi kwamba tangu leo ni mji mmoja. Karatasi ilivuka mto. Watu wakabaki palepale.

Wasomaji wangu wa Pwani watapenda kipande hiki, nami siwezi kukipita. Katika miaka ya 1560 Mfalme Ivan, yule wanayemwita wa Kutisha, aliwapa wakuu wa Wanogai, watoto wa mkuu wao Yusuf, mji wa Romanov. Waislamu hawa wa nyika walikula mapato ya mji wa Kirusi ulio kaskazini kabisa ya kwao, na jamaa zao Watatari wakaishi hapo vizazi kwa vizazi. Ukoo huo ndio uliozaa wale matajiri Yusupov; mmoja wao alishiriki kumuua Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa kipenzi cha mfalme na malkia, mwaka 1916. Wenyewe husimulia kwamba babu yao Abdul-Murza alimkaribisha Patriaki, mkuu wa Kanisa la Urusi, chakula wakati wa Kwaresima, ambapo nyama hailiwi, akamwekea bata bukini. Patriaki akala akidhani ni samaki aliyepikwa kiufundi. Mfalme wa wakati huo aliposikia alighadhibika, na Abdul-Murza akaona heri abatizwe, akaitwa Dmitri. Iwe kweli iwe chumvi, ni hadithi ya mtu wa mtoni: hata uongo wake una samaki ndani. Wale Watatari waliobaki na dini yao walihamishiwa Kostroma mwaka 1760, mtoni huko chini, kwa amri ya Malkia Elizabeth wenu. Nao ni watu wa mji huo. Siku mtakapokaa kujadili jina, mtu awataje.

Jina la sasa ni la mwaka 1918. Ilya Tutayev alikuwa askari wa Jeshi Jekundu aliyeuawa katika uasi wa Yaroslavl dhidi ya serikali ya Wakomunisti mwaka huohuo. Sina ugomvi na marehemu. Ila naona jina la zamani lilikuwa na kitu ambacho la sasa halina, nacho ni kile kistari katikati. Romanov, kistari, Borisoglebsk. Kila aliyeandika anwani alikumbushwa kwamba mahali hapa ni pawili. Kistari kile ndicho daraja pekee mlilowahi kuwa nalo, na mwaka 1918 kikafutwa.

Sasa nikwambie niliyoyaona. Mwezi wa Aprili, mwanafunzi mwenzangu alinialika kwao, ng'ambo ya kushoto. Mgeni wakati ule hakutoka Moscow bila kibali, na kibali changu kilikuwa cha siku 3. Yeye alitangulia. Mimi nilifika Yaroslavl kwa treni ya usiku, asubuhi nikapanda basi nisilolielewa vizuri, likanishusha ng'ambo ya kulia. Nikateremka mpaka ukingoni. Mbele yangu barafu ilikuwa imevunjika mapande makubwa kama milango, yanasuguana na kugeuka, na sauti yake nilidhani ni lori linalomwaga kokoto. Ng'ambo niliiona nyumba. Paa la kijani, moshi, na mtu mwenye kilemba chekundu amesimama kwenye geti. Ndiye mama mwenyewe, alikuwa ananipungia. Na mimi nikampungia. Tulipungiana hivyo robo saa nzima, maana hapakuwa na kingine cha kufanya.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na mfuko wa dawa. Mkewe alikuwa ng'ambo. Alikuja kuchukua dawa siku mbili kabla, barafu ikiwa ngumu, akalala kwa shemeji, na alipoamka njia imeondoka. Hakumlaumu mtu. Alisema neno moja ambalo baadaye nililisikia mara nyingi: "Raspútitsa." Majira ya njia kukatika. Akanielekeza: rudi Yaroslavl, vuka daraja la huko, upande basi la upande wa pili. Kwenda na kurudi kama kilomita 80, kwa nyumba niliyokuwa naiona kwa macho. Nilifika giza limeingia. Supu ilikuwa imepashwa mara tatu.

Mtu wa Kigamboni akisikia haya anacheka kwa uchungu. Sisi pia tuliona mjini kwa macho tusifike. Pantoni ikiharibika pale Magogoni, mtu alizunguka Kongowe na Mbagala, anafika kazini mchana na mshahara umekatwa. Daraja letu la Kurasini, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Likaja na tozo, tozo nayo tukailalamikia, ndivyo binadamu alivyo. Na pantoni bado ipo, maana aliyezoea Feri asubuhi na samaki wa pale humpeleki Kurasini kirahisi.

Sikuombi daraja, ndugu Mkuu. Daraja juu ya Volga si pesa ya mji mdogo, najua, na maneno yake kwenu ni ya miaka mingi. Nakuomba jambo lililo ndani ya uwezo wa ofisi.

Mwezi Machi 2025 nchi yenu ilipitisha sheria mpya ya serikali za mitaa, inayosukuma kuwa na ngazi moja badala ya mbili. Hesabu yake naielewa: ofisi chache, mihuri michache, magari machache. Lakini anayechora ofisi kwenye ramani huona sentimita. Haoni Aprili. Pale ambapo mto unafunga njia mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa baridi na mwisho wake, ofisi inayopunguzwa upande mmoja haijapungua, imeondolewa kabisa kwa majuma hayo. Hivyo kabla ya kuunganisha chochote, andikeni katika kanuni za mji kwamba kuna vitu ambavyo lazima viwepo pande zote mbili barafu isipoaminika: daktari anayelala hukohuko, dawa za mwezi mzima kwa wazee, mtu wa kulipa pensheni na mwenye mamlaka ya kugonga muhuri. Vivusheni mapema, kama mkulima anavyoingiza kuni kabla ya mvua. Barafu haiji kwa kushtukiza. Imekuwa ikija tangu enzi za Roman.

Na vikao vya jina, ikibidi viwepo, fanyeni kimoja kila upande, na wakubwa wavuke kwa njia anayovuka mwananchi, katika majira yale mabaya. Sisemi kwa kejeli. Diwani aliyezunguka kilomita 80 kwa ajili ya kikao cha saa moja atazungumza kwa ufupi na kwa akili.

Naandika haya kwa sababu mji wenu si wa kuonewa huruma. Kondoo wa Romanov wanajulikana kwa kuzaa mapacha na watatu, na makoti ya ngozi yao yamewavusha watu katika baridi ambayo mimi niliionja kidogo nikakoma. Kijiji cha Bolshoye Maslennikovo, alikozaliwa Valentina Tereshkova, kiko wilayani kwenu. Mwaka 1963 akawa mwanamke wa kwanza kwenda angani. Katika Kanisa Kuu la Ufufuko, ng'ambo ya kulia, kuna picha ya Mwokozi yenye kimo cha karibu mita 3, nyeusi kwa umri, ambayo waumini hupita chini yake kwa magoti. Mama yule alinisimulia kwamba kila mwaka huvuka kwenda kupiga magoti huko. Nikamuuliza, kwani kwao hakuna makanisa? Akasema yapo tele, ila Mwokozi anaishi Borisoglebsk, na pantoni ni ya saa nne.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akanitia mkononi andazi la kabichi lililofungwa kwenye gazeti na jozi ya viatu vya sufu iliyoshindiliwa. Viatu ninavyo hadi leo, juu ya kabati, Dar es Salaam ambako havina kazi hata siku moja. Wajukuu wanavitumia kuwekea marumaru.

Kama kwenye mafaili yenu kuna ratiba ya kuvuka ya mwaka huu, hasa ya Aprili, naomba nakala. Ikiwa haijaandikwa, basi ibandikwe mapema kwenye gati zote mbili, kwa herufi kubwa ambazo mzee mwenye mfuko wa dawa anaweza kuzisoma bila miwani.

Wako,
Fundi mstaafu, Kigamboni

Nakala: Nahodha wa kivuko, Tutayev