Risala ya Waelekezi Rika wa Kituo cha Uandishi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kutupokea sisi waelekezi rika tuliorejea kutoka kwenye kongamano la wenzetu wa vyuo vingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ni kuketi na mwanafunzi mwenzetu, kumsikiliza akiisoma insha yake kwa sauti, na kumuuliza maswali hadi aone mwenyewe hoja ilipolegea. Hatutoi alama wala hatumwandikii mtu, ingawa wapo wanaotujia saa chache kabla ya kukusanya kazi wakitumaini hivyo.

Kazi hii ina historia. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila mhitimu wa sekondari wa jiji hilo. Kenneth Bruffee, mhadhiri wa Brooklyn College, mojawapo ya vyuo vyake, alieleza baadaye kwamba wengi waliohitaji msaada wa masomo waliukwepa, kwa kuwa ulifanana mno na darasa lenyewe. Ndipo wakageukiwa wanafunzi wasaidiane. Mwaka 1984 waelekezi rika wa Marekani wakapata kongamano lao la kitaifa, lililoanzia Brown University. Huko wanafunzi wenyewe hutoa mada, na wahadhiri nao huhudhuria.

Katika kongamano tulilotoka sisi, kikao kilichotuchemsha zaidi kilihusu kalamu. Kanuni ya zamani yasema kalamu ibaki mkononi mwa mwenye kazi. Mwelekezi aulize tu. Lakini je, mwanafunzi anayeandika kwa lugha yake ya tatu akiuliza kihusishi gani kinafaa hapa, arudishiwe swali? Wengine walisema ndiyo, ajitafutie. Sisi tulipinga, na bado tunapinga: mtu hawezi kuvuta kutoka kichwani kitu ambacho hakijawahi kuingia. Kihusishi apewe, hoja aachiwe. Tuliigiza mazungumzo hayo mbele ya ukumbi, mmoja akiwa mwanafunzi, mwingine mwelekezi, na waliotupinga wakasimama kuigiza ya kwao. Mabishano yalihamia hadi kwenye foleni ya chai. Programu za kompyuta zinazoandika insha nazo zilijadiliwa, ila hapo kila mtu alikuwa bado anapapasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mambo hayo hayafiki kwa ripoti. Kwa hiyo tunaomba safari ijayo waende pia waelekezi wa mwaka wa kwanza, si wazoefu peke yao ambao wanakaribia kuhitimu na kuondoka na walichojifunza. Nauli ndiyo inayowazuia. Tunaomba pia siku za kongamano zisihesabiwe kuwa utoro, maana mwenye mtihani wa majaribio wiki hiyo hulazimika kuchagua, na huchagua mtihani.

Mwisho, tunakukaribisha kituoni ukiwa na andiko lolote, hata hotuba yako ya leo.

Tunaomba kuwasilisha.